NUNGUNUNGU NA BUSTANI ZETU

(Maneno ya ndugu katibu mbele ya wanachama, Katesh)



Sote tunaokaa chini ya msitu wa Mlima Hanang tunamjua nungunungu. Mchana haonekani. Usiku anafuata njia yake ileile, anafukua viazi, anaangusha mahindi. Ukiamka unakuta mabua yamelala na mwiba mmoja wa kukuaga.

Nasikia baadhi yetu wanatega sumu. Mimi nilishafanya hivyo. Niliweka dawa ya wadudu kwenye bonge la ugali nyuma ya jiko. Asubuhi nungunungu hayupo, mbwa wangu wawili wamekufa, na mtoto wa jirani ameshika kipande kilichobaki. Tulimwahi. Tangu siku ile sumu siitaki. Tena Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua mnyama wa pori bila kibali.

Basi tumzuie. Nungunungu haruki ukuta wala hapandi miti, lakini anachimba, na ua wa fito anautafuna. Chimbeni mfereji wa futi moja na nusu kuzunguka bustani, mpange mawe mpaka yafike magotini. Mawe Hanang hatununui. Anzeni pale njia yake inapoingilia. Na ile habari kwamba anarusha miiba ni hadithi tu. Humwendea adui kinyumenyume, ndipo miiba inapochoma.

Jumamosi saa moja asubuhi tunaanza kwa yule mama mjane kule juu ya korongo, aliyeliwa viazi vyote. Kila nyumba ilete mtu mmoja na sururu.