Mwenzi Aliyerudishwa Uwanjani: Someni Kwanza Karatasi Aliyopewa



Ofisi ninayoitumikia haitoi visa, wala haina kauli juu ya nani aingie Marekani na nani arudishwe. Sisi husimamia wauzaji na kuwalinda wanunuzi. Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya mume au mke aliyezuiwa kuingia nchini kwa sababu ushauri wa uhamiaji nao ni bidhaa inayouzwa, na mnunuzi wake mara nyingi ni mtu aliyekesha akilia. Mtu wa namna hiyo hana subira ya kusoma mkataba. Anataka kuambiwa kwamba njia ipo, na atamlipa wa kwanza atakayemwambia hivyo.

Neno langu kubwa ni moja. Kabla hamjamlipa mtu yeyote, na kabla hamjajaza fomu yoyote, tafuteni karatasi ambazo mwenzi wenu alipewa uwanja wa ndege, kisha mzisome. Sisi husema tu kwamba fulani "amerudishwa". Sheria ya Marekani haina neno pana kiasi hicho. Watu wawili wanaweza kupandishwa ndege ileile ya kurudi Nairobi, mmoja akawa hana marufuku yoyote mbele yake, na mwingine akawa amefungiwa mlango kwa miaka, au hata kwa maisha yake yote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake wawili wa Mombasa wameolewa na raia wa Marekani, na kila mmoja anasafiri kwa visa halali ya matembezi. Visa ni ruhusa ya kufika mlangoni na kupiga hodi. Anayefungua ni afisa wa mpakani. Afisa huyo anaelekezwa na sheria kumchukulia mgeni kuwa amekuja kuhamia, mpaka mgeni mwenyewe athibitishe kwamba atarudi kwao. Mke wa raia aliyebeba vyeti vyake vyote vya shule, na ambaye simu yake ina ujumbe wa kumwaga dada yake na kusema ameshaacha kazi, ana mzigo mzito wa kuthibitisha. Simu hupekuliwa. Na katika chumba kile cha mahojiano, kwa kawaida mgeni hana haki ya kuwa na wakili pembeni yake.

Mwanamke wa kwanza aliulizwa, akasema kweli: nimeolewa, mume wangu angependa nibaki. Afisa akaona kwamba visa ya matembezi si visa ya kuhamia, akamruhusu aondoe mwenyewe ombi lake la kuingia. Akapewa fomu namba I-275, visa yake ikafutwa, akarudi. Ruhusa hiyo ni hiari ya afisa, si haki ya msafiri, lakini ikitolewa ina faida kubwa: hakuna amri ya kuondolewa, na hakuna miaka ya kuhesabu.

Wa pili aliingiwa na hofu. Alipoulizwa kama ameolewa akajibu hapana, nimekuja kumsalimu shangazi. Picha za harusi zilikuwamo ndani ya simu. Maswali na majibu yakaandikwa, akatia saini kila ukurasa, akakabidhiwa fomu I-860 pamoja na I-296. Hiyo ni amri ya kuondolewa kwa haraka, utaratibu ulioletwa na sheria ya mwaka 1996, nayo hutolewa na maafisa wa mpakani bila kesi kupita mbele ya jaji. Amri ya kwanza ya namna hiyo humzuia mtu kurudi kwa miaka 5. Akiondolewa tena, ni miaka 20.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Mwanamke huyu ana vizuizi viwili, na viwili hivyo haviendi pamoja. Cha kwanza ni ile miaka 5, ambayo huisha yenyewe. Cha pili ni tuhuma ya kusema uongo juu ya jambo la msingi ili apate kuingia, na hiki hakina mwisho. Mtu huhesabu miaka yake 5 kwa uvumilivu, huenda ubalozini akiwa na matumaini, kisha huambiwa kwamba kizuizi kilichobaki hakijawahi kuwa na tarehe. Kwa hiyo msiridhike na kujua kwamba mwenzi alipewa miaka mitano. Ulizeni pia kifungu gani kiliandikwa kuwa sababu.

Kumbukumbu ya mahojiano nayo inahitaji macho. Wengi wenu mnajua kwamba kwetu akdi inaweza kufungwa leo na sherehe ikasubiri miezi, na bibi arusi akaendelea kukaa kwao. Mwanamke wa hali hiyo akiulizwa kama ameolewa, anaweza kujibu "bado", akikusudia kwamba hajaingia nyumbani kwa mume. Mkalimani wa kwenye simu atatafsiri "hapana". Neno moja hilo linaweza kuwa ndilo lililoandikwa kuwa uongo. Vilevile, msafiri aliyeteleza kisha akajirekebisha mwenyewe pale pale, kabla hajabanwa na ushahidi, ana hoja ya kisheria inayotambuliwa. Hoja hizo zote mbili hazina nguvu mpaka karatasi zenyewe zipatikane.

Na zinapatikana. Sheria ya uhuru wa kupata taarifa ya mwaka 1966 humruhusu mtu kuomba nakala za kumbukumbu zinazomhusu, na ombi hupelekwa kwa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Mume au mke aliye hapa anaweza kulituma akiwa na idhini ya maandishi ya mwenzi. Majibu huchelewa, kwa hiyo litumeni mapema, hata kabla hamjaamua njia ya kufuata. Anayewatoza maelfu ya dola kwa ombi hili peke yake anawauzia maji ya mto.

Sasa njia zenyewe. Mwanamke wa kwanza hushawishika kuomba tena visa ya matembezi mwezi unaofuata. Hakuna sheria inayomkataza, ila fomu ya maombi huuliza waziwazi kama mtu amewahi kunyimwa visa, kuzuiwa kuingia, au kuondoa ombi lake mpakani. Lazima ajibu ndiyo. Akijibu hapana kwa ushauri wa wakala, ameondoka kwenye kundi la mwanamke wa kwanza na kuingia kwenye kundi la wa pili, kwa mkono wake mwenyewe. Na akijibu ndiyo, konseli atamuuliza ni kipi kilichobadilika tangu siku ile. Mara nyingi hakuna.

Njia iliyonyooka ni visa ya kuhamia ya mwenzi wa raia. Raia hupeleka fomu I-130 kwa idara ya uraia na uhamiaji. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 ada yake ilikuwa dola 625 kwa mtandao na dola 675 kwa karatasi, nanyi hakikisheni kiwango cha siku mtakayolipa. Ombi likikubaliwa, faili huenda Kituo cha Taifa cha Visa, kisha ubalozini. Kwa wakazi wa Kenya ni Nairobi. Hufuata uchunguzi wa daktari na mahojiano. Safari hii huchukua miezi mingi, na mara nyingi hupita mwaka. Mkaazi wa kudumu asiye raia naye anaweza kumwombea mwenzi wake, lakini yeye hupangwa kwenye foleni yenye idadi maalumu ya visa kila mwaka. Visa ya mchumba, inayotajwa sana mitaani, haiwahusu waliokwisha kuoana. Anayewaambia muifiche ndoa ili muitumie anawaongoza kwenye uongo uleule niliokwisha kuueleza.

Ndoa yenyewe hupimwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na inataka zisajiliwe. Basi tafuteni cheti. Akdi iliyofungwa kwa simu, au wawili wasipokuwa mahali pamoja, haihesabiwi kwa uhamiaji mpaka wawe wamekutana kama mke na mume baada yake. Mke wa pili, wa kwanza akiwa bado yumo katika ndoa, hatambuliwi, hata kama ndoa yake ni halali kabisa kwao.

Msidharau karatasi ya udhamini, fomu I-864. Mwombaji hutakiwa kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kila mwaka, na asiyefikia anaweza kuleta mdhamini wa kusaidiana naye. Huu ni mkataba wa kweli unaoweza kupelekwa mahakamani, na talaka haiuvunji. Nawasihi msimwombe mjomba au rafiki wa msikitini atie saini kana kwamba anatoa ushuhuda wa tabia njema. Anajifunga kwa miaka.

Mwanamke wa pili naye hajafungiwa kila kitu. Mumewe anaweza kupeleka I-130 leo, na inaweza kukubaliwa. Lakini kukubaliwa huko huthibitisha jambo moja tu, kwamba ndoa ni ya kweli, hakuondoi kizuizi. Kwa miaka 5 ataomba ruhusa ya kurudi kabla ya muda wake, kwa fomu I-212. Kwa uongo ataomba msamaha wa kisheria, kwa fomu I-601, na ikiwa anahitaji vyote viwili, kwa kawaida hupelekwa pamoja baada ya konseli kumhoji na kutamka kizuizi.

Msamaha huo wa pili ndio mgumu. Inampasa aonyeshe kwamba kukataliwa kwake kutamletea mume au mke, au mzazi, aliye raia au mkaazi wa kudumu, taabu iliyopita kiasi cha kawaida. Watoto hawamo katika orodha hiyo. Jambo hili huwashangaza watu, nami sioni aibu kusema kwamba linanishangaza mimi pia. Mateso ya mtoto huzingatiwa pale tu yanapoonyesha jinsi yanavyomlemea mzazi aliye hapa. Kwa hiyo barua inayosema mtoto anamlilia mama yake haitoshi. Inayosaidia ni taarifa ya daktari wa mume, rekodi za kazi aliyopoteza kwa kukosa mlezi wa watoto, hesabu ya kuendesha nyumba mbili katika nchi mbili, na maelezo ya kweli ya kwa nini familia haiwezi kuhamia Mombasa. Swali hilo la mwisho huulizwa daima, na wengi hawakulitayarishia jibu. Hata ushahidi ukitimia, uamuzi hubaki hiari ya serikali. Na aliyedai kwa uongo kuwa raia wa Marekani, msamaha huu haumfikii.

Kuna jambo lililo nje ya uwezo wa familia yoyote. Rais anaweza kwa tangazo kusimamisha visa za raia wa nchi fulani, na Mahakama Kuu ya Marekani iliuthibitisha uwezo huo mwaka 2018. Burundi iliingizwa katika orodha ya namna hiyo Juni 2025. Orodha hizo hupanuka na kupungua, basi angalieni hali ya pasipoti ya mwenzi wenu siku ileile mnayotaka kulipa ada.

Nije kwa wauzaji. Huko kwetu, Kenya na Tanzania, mhuri wa notari na kamishna wa viapo kwa kawaida huwa mkononi mwa wakili, kwa hiyo mtu wetu akiona neno hilo kwenye kioo cha duka hapa Marekani huvua kofia. Hapa notari, kwa cheo hicho peke yake, ni mtu wa kushuhudia saini tu. Wanaoruhusiwa kuwapa ushauri wa kisheria wa uhamiaji ni mawakili wenye leseni, na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria wanaofanya kazi katika mashirika yasiyo ya faida yanayotambuliwa na wizara hiyo. Hawa hutoza kidogo, na pengine hawatozi. Orodha yao iko wazi kwa umma. Leseni ya wakili nayo huthibitishwa kwa mamlaka ya jimbo alikosajiliwa, na kuiulizia si kumvunjia heshima.

Mtu akiwajazia fomu, sheria inamtaka aandike jina lake na kutia saini katika sehemu ya mwandaaji. Akisema tuache hapo wazi, ondokeni. Msitie saini fomu tupu. Msimwachie mtu pasipoti wala cheti halisi cha ndoa, nakala inatosha. Hakuna anayeweza kuwauzia kufutwa kwa marufuku ndani ya wiki mbili kwa kuwa anamjua mtu ubalozini.

Waliokwisha kulipa na kuona shaka walete ofisini mkataba, risiti, na ujumbe wote wa simu, hata ule wa sauti. Kama hakuna mkataba, leteni tarehe na kiasi cha kila malipo, na jina lililotokea kwenye simu mlipotuma fedha. Dai nakala ya kila kilichopelekwa serikalini kwa jina lenu, kwa maandishi, kabla hamjagombana naye. Baada ya ugomvi, karatasi huwa ngumu kuzipata.