Jinsi Milima Ilivyofanyika



Sisi tufanyao kazi za ofisi huandika majina ya milima katika barua na hesabu zetu, tena huhamishwa kutoka chini ya mlima huu hata chini ya mlima ule. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza jinsi ilivyofanyika. Leo twapenda kueleza aina tatu.

Ya kwanza ni milima ya moto. Mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi hupata njia, hutoka juu pamoja na majivu, kisha hupoa na kulundikana tabaka juu ya tabaka. Ndivyo ulivyofanyika Kilimanjaro, wenye vilele vya Shira, Mawenzi na Kibo. Na Kibo chafika mita 5,895. Ol Doinyo Lengai ungali hai, nao ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007.

Ya pili ni milima ya nyufa. Ardhi hupasuka kwa ufa mrefu, upande mmoja ukainuka na wa pili ukadidimia. Usambara na Uluguru ni ya namna hiyo. Hata Ruwenzori, wenye mita 5,109, si mlima wa moto. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa.

Ya tatu ni milima ya mikunjo. Tangu miaka milioni 50 hivi iliyopita nchi ya Bara Hindi yaisukuma Asia, na tabaka za mawe zikakunjamana mfano wa mkeka usukumwao ukutani. Hivyo ilizaliwa Himalaya, na hata sasa yazidi kuinuka.

Je, elimu hii yatufaa nini? Mlima Hanang ni wa moto uliozimika zamani. Lakini tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe ya mteremko wake hata mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Moto ulizimika, mteremko haukulala.

Basi, karani apokeaye barua ya mzee aliyeona ufa mpya juu ya shamba lake asiiweke chini ya barua nyingine. Na aandikaye ruhusa ya kiwanja aulize kwanza maji ya mlimani hupita wapi. Mlima hauhami, sisi ndio tuhamishwao, na watu walio chini yake hubaki.