Tumbusi wa Arash Mwisho wa Kipupwe

Leo twapenda kuwaeleza habari za tumbusi, ndege achukiwaye na watu wengi kwa sababu ya shingo yake iliyo kipara na chakula chake cha mizoga. Habari hizi tulizipata Arash, katika wilaya ya Ngorongoro, kwa kufuatana na mzee mmoja wa Kimasai ambaye kwa hiari yake, bila mshahara, huandika katika daftari wanyama na ndege awaonao.

Mwezi wa Agosti, kipupwe kinapokwisha, nchi ya huko ni kavu, na makundi makubwa ya nyumbu yamekwisha kwenda kaskazini. Asubuhi ni baridi, kwa hiyo tumbusi hawaondoki mitini mapema. Hungoja mpaka jua liipashe ardhi moto, hewa ianze kupanda, maana hewa hiyo ndiyo iwachukuayo juu bila kuchoka. Mzee naye hutoka wakati huo, akatazama mbingu.

Tulimwona tumbusi mmoja akishuka upesi. Punde wakaja wengine kutoka kila upande. Ndege hawa hawatafuti mzoga kwa harufu, bali kwa macho. Kila mmoja humwangalia mwenziwe aliye mbali angani, na amwonapo akishuka humfuata.

Penye mzoga wa punda milia tulikuta aina tatu. Wa kwanza ni mkubwa, mwenye ngozi iliyokunjamana kichwani, na mdomo wake waweza kupasua ngozi ngumu iwashindayo wenziwe. Wa pili ana mgongo mweupe. Wa tatu alipewa jina la Rüppell, mtaalamu wa Ujerumani. Yeye hutaga katika majabali, kama yale ya milima ya Gol iliyo kusini ya Arash. Mwaka 1973 mmoja wa aina hiyo aligongana na eropleni juu ya Ivory Coast, katika kimo cha meta 11,300 hivi.

Walakini desturi ile ya kufuatana ndiyo iwaponzayo. Simba au fisi akiua ng'ombe, pengine mwenye mali hutia sumu katika mzoga ili alipize kisasi. Tumbusi hushuka kwa makumi, wakafa pamoja. Nao hutaga yai moja tu, wala hawawezi kujaza pengo upesi. Mwaka 2015 yule wa mgongo mweupe na yule wa Rüppell walihesabiwa miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa kutoweka duniani.

Tumwulize mwenye ng'ombe, hasara yake ataifanyaje? Mwanafunzi mmoja alimwuliza mzee hivyo. Akajibu, “Wanangu, simba amenilia ndama wawili. Tumbusi hajanilia hata mmoja. Kwa nini nimwue asiyenikosea?”

Tena faida ya ndege huyu ni kubwa. Humaliza nyama iliyooza kabla haijaeneza maradhi. India tumbusi walikufa kwa mamilioni tangu miaka ya 1990, na mwaka 2004 wataalamu walionyesha kwamba sababu yake ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Mizoga ikabaki mashambani, na mbwa koko wakazidi. Mwaka 2006 serikali ya huko ikaikataza dawa hiyo kwa mifugo.

Basi, ndugu wafugaji, boma la miiba liwe imara na refu, na ndama wasilale nje. Sumu msiitie katika nyama, maana haichagui: yaweza kuua mbwa wako mwenyewe, hata mtoto. Mkiona tumbusi wengi wamekufa mahali pamoja, msiwaguse kwa mikono, wala msiwaache mbwa wakaribie. Pelekeni habari upesi kwa askari wa wanyamapori. Nanyi wanafunzi, tazameni juu jua linapopanda. Mkiwaona wakizunguka angani, jueni kwamba wafagizi wa nchi yenu wangali kazini.