Sanduku Lifuate Msimu
(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Miaka kumi si mchezo. Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa na sanduku moja la bati, kufuli tatu na daftari la shule. Hisa ilikuwa shilingi mia tano. Wapo waliotucheka njiani, ati wanawake wanachanga hela ya chumvi. Ni kweli, ilikuwa hela ya chumvi. Lakini chumvi ndiyo inayokoleza mboga, si ndiyo jamani?

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya maisha ya hapa kwetu Nachingwea: huduma tunazozipata, shughuli zetu, na namna ya kujipanga na majira ya mwaka. Maneno ni mengi, ila jambo letu ni moja. Hela ya huku kwetu ina msimu wake, na sanduku lisilofuata msimu halidumu.

Wenyewe mnajua. Mvua yetu ni moja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ufuta unatupa hela kidogo baada ya masika. Korosho ndiyo yenye hela yenyewe, nayo huanza kuingia Oktoba na kwisha mwanzoni mwa mwaka. Kati ya hapo ni kujikaza.

Sasa tuungame kosa letu. Miaka miwili ya mwanzo tulivunja sanduku katikati ya Desemba. Tuliona vikundi vya miji mingine vinafanya hivyo ili watu wale sikukuu, nasi tukaiga. Hatukujiuliza kwamba Desemba ya Nachingwea ndiyo wakati hela ya korosho nayo inaingia. Hela mbili zikakutana mlangoni, na zote mbili zikatoka kwa mlango huo huo. Khanga zilinunuliwa, redio, godoro, wali wa sikukuu. Hatusemi ni dhambi. Lakini Februari ilipofika, nyumba moja baada ya nyingine ilianza kupima unga kwa kikombe.

Mwenzetu mmoja, ambaye yupo hapa na ameturuhusu tusimulie, mtoto wake alilazwa mwezi Machi. Alikuja kwetu. Sanduku lilikuwa tupu. Basi akaenda kwa mtu wa kangomba. Vijana ambao hamjui, kangomba ni kuuza korosho nje ya ghala, kwa kipimo cha mnunuzi na kwa bei anayotaka yeye. Wengine huchukua hela wakati mti haujatoa hata ua. Mwenzetu alichukua, na mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Ila Oktoba sisi tulipobeba magunia kwenda chama cha msingi, yeye alikuwa anaokota korosho za mtu mwingine chini ya mikorosho yake mwenyewe.

Siku ile tulinyamaza. Tulijiita kikundi cha akiba, na mwenzetu ameuza msimu mzima kwa sababu sisi tulikuwa tumekula sanduku mapema.

Wazee wetu wakatukumbusha kwamba kosa hili si geni katika ardhi hii. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matingatinga yaliletwa, reli ikajengwa kutoka pwani hadi hapa, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili hiyo. Mji wetu ulikua kwa mpango ule. Lakini walikuwa na haraka. Mvua na udongo hawakuvichunguza vya kutosha, hasa kule Kongwa. Januari 1951 serikali yao ilitangaza kuuacha mpango, na reli ikafungwa mwaka 1962. Ikiwa watu wenye matingatinga walishindwa kwa kutoyasoma majira, sembuse sisi wenye sanduku la bati?

Tukabadilisha kanuni. Sasa tunavunja sanduku Februari, si Desemba. Na hatugawani yote: kila mwanachama anaacha sehemu, tunayoiita mbegu. Mbegu hiyo ndiyo mkopo wa masika. Hutolewa Februari hadi Aprili kwa ugonjwa, chakula, palizi au mahitaji ya shule, na hurudishwa korosho ikilipwa. Tangu tuanze utaratibu huu hakuna mwanachama aliyerudi kwa mtu wa kangomba.

Hata hivyo utaratibu huo ulijaribiwa, tena vikali. Mwishoni mwa Oktoba 2018 wakulima wa mikoa yetu ya kusini walikataa bei za mnadani. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Bei ilikuwa nzuri. Ila malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wakulima wengi walivuka mwaka wakingoja. Mikopo yetu yote ya masika ilikuwa irudishwe Novemba ile.

Kanuni yetu ilisema anayechelewa atoe faini. Tukawatoza faini wenzetu watatu. Mmoja hakuwa na hela, akakunja kitenge chake na kukiacha juu ya meza. Hatukujisikia vizuri, lakini tulikipokea. Jumamosi iliyofuata wengine wakataka sanduku livunjwe, kila mtu achukue chake. Mabishano yalikwenda hadi magharibi. Ndipo mama mmoja mtu mzima, ambaye hakuwa na deni hata la senti moja, akasimama akasema: “Mvua ikichelewa, hatung'oi mikorosho.” Akakaa.

Tulipiga kura. Punje ya mahindi ni kuvunja, korosho ni kuendelea. Korosho zilizidi kwa nne. Tukarudisha faini, tukarudisha na kitenge, na deni la mwisho lililipwa Juni 2019. Bila zile korosho nne tusingekuwa na sherehe leo.

Ndugu zetu, kutokana na hayo tumejipangia kalenda ya mwaka. Tunaiweka hapa ili kila nyumba ipate kuitumia.

Novemba na Desemba, mbegu na jembe vitangulie khanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla mvua hazijaanza. Tusikilize redioni, tusitegemee mawingu peke yake. Kabla ya mvua ya kwanza tuzibue mifereji, tukague paa, na shimo la choo lililo karibu kujaa lishughulikiwe kabla maji hayajalijaza.

Januari hadi Aprili ni wakati wa mbu na magonjwa ya kuhara. Chandarua kishuke kila usiku, hata kama joto linaudhi. Maji ya kunywa yachemshwe, yawe ya kisima au ya bomba. Homa ya mtoto isingoje kesho, apelekwe zahanati akapimwe. Na tuweke ndani unga, mafuta ya taa na chumvi vya siku kadhaa. Mnakumbuka mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika na mafuriko yakakata barabara ya kutoka Dar es Salaam upande wa Kilwa. Magari yalikwama kwa siku kadhaa. Mvua inaweza kunyesha mbali, na duka la hapa likakosa bidhaa.

Mei hadi Julai tunavuna chakula, tunauza ufuta, na mikorosho inaanza kutaka huduma. Debe la chakula la kupita masika ijayo litengwe kwanza, ndipo tuuze. Salfa ni dawa ya ubwiri unga, ugonjwa unaokausha maua. Wataalamu wa Naliendele hushauri robo kilo kwa mti mkubwa, kurudia kila baada ya wiki mbili, asubuhi mapema wakati kuna umande na upepo umetulia. Bwana shamba aulizwe lini pa kuanzia, maana miti haichipui siku moja. Anayepuliza afunike pua na macho, na watoto wakae mbali.

Juni hadi Agosti ni wakati wa shughuli. Mavuno yameingia, ngoma za jando na unyago zinalia, na harusi zinafuatana. Hizi ni mila zetu na hatuwezi kuziacha. Lakini mtoto achezwe bila kuuza shamba. Kikundi kina mfuko wa shughuli: kila mmoja anaweka kidogo kila wiki, na mwenye shughuli anapewa mchele, sukari na mikono ya kupika. Tarehe 8 Agosti pia ni Nanenane, na kanda yetu hukutana viwanja vya Ngongo, Lindi. Kila mwaka twende hata watu wawili, tukatazame mbegu na mashine za kubangua, tukirudi tuwaeleze wengine.

Agosti hadi Oktoba ni kiangazi, visima vinashuka. Maji ya bomba yanayotoka chanzo cha Mbwinji ni mali yetu. Ukiona bomba linavuja, toa taarifa MANAWASA siku hiyo hiyo, usipite tu ukisema si la kwangu. Tufyeke chini ya mikorosho mapema: korosho itaonekana, na moto wa porini hautapata nyasi za kupandia. Penye tembo, tusiende kuteka maji gizani wala peke yetu. Taarifa ipelekwe serikali ya kijiji na kwa maofisa wa wanyamapori.

Oktoba tunaingia korosho. Tuokote mara kwa mara, tutoe bibo, tuanike juani siku mbili au tatu, tutenge daraja la kwanza na la pili. Gunia liwe la katani au juti, si la plastiki, maana humo korosho hupata joto na kuharibika. Pale chama cha msingi simama karibu na mizani, soma kilo, na usiondoke bila karatasi yako. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007, na una kero zake, tunazijua. Lakini mwaka 2024 bei katika minada ya mwanzo ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwenye karatasi alipata bei hiyo. Aliyekwisha kuuza kangomba alisikia tu redioni.

Kuhusu huduma, tunasema mambo mawili.

La kwanza ni majina. Katika misimu ya karibuni Serikali imegawa salfa bila malipo kwa wakulima waliosajiliwa, na malipo ya korosho huingia kwenye akaunti ya mwenye jina. Mwanamke anayepalilia, anayeokota na kuanika, lakini jina lake haliko popote, atangoja kugawiwa hela yake kama mgeni. Waume zetu, hatuji kugombana. Tunaomba: shamba la mke liandikwe jina la mke, na la pamoja lijulikane ni la pamoja. Mkitoka hapa leo, muulizane majina yenu yako wapi.

La pili ni usajili wa kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama chetu visajiliwe. Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye wa kumwona. Pia halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 4 ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Tukiomba, tuombe kwa hesabu iliyoandikwa vizuri, na marejesho tuyapange yaangukie msimu wa korosho, si Machi. Mkopo unaodaiwa wakati wa njaa ni kangomba nyingine yenye mhuri.

Ndugu mgeni rasmi, ombi letu kwako ni hilo hilo. Semina, michango na makusanyo ya vijiji yapangwe kwa kuitazama kalenda hii. Mwananchi wa hapa si mkaidi Februari, Februari hana.

Wanachama wenzetu, mama aliyesema yale maneno ya mikorosho ameketi hapa mstari wa mbele, na ametuambia tusimtaje. Tumetii. Lakini zile punje nne za kura tulizihifadhi, zimo sandukuni hadi leo, chini ya daftari. Anayetaka kuzitazama, baada ya chakula washika funguo watatu watafungua.

 Mungu awabariki, na mvua ije kwa wakati wake.