Mfumo Mmoja, Pande Mbili za Malaba: Jinsi Mkazi wa Busia Anavyoweza Kuchangia Programu Huria
Maandishi ya mazungumzo kwa vijana na wahudumu wa afya, Moding, Kaunti Ndogo ya Teso Kaskazini



Lori likitoka Mombasa na kufika Malaba, dereva wake huenda akakaa kwenye foleni kwa saa nyingi, na siku nyingine akalala humo. Akiugua, ataenda kituo kilicho karibu, na kilicho karibu chaweza kuwa upande huu au upande wa Tororo. Upande wa Kenya, vituo vingi vinavyowahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hutunza kumbukumbu kwa mfumo uitwao KenyaEMR. Upande wa Uganda kuna UgandaEMR. Majina ni mawili na bendera ni mbili, lakini mifumo yote miwili imejengwa juu ya msingi mmoja, programu huria iitwayo OpenMRS.

Kuwa na msingi mmoja hakumaanishi kwamba faili la mgonjwa linavuka mpaka lenyewe. Kila nchi ina sheria zake na kompyuta zake. Maana yake ni kwamba kijana wa Moding akirekebisha kosa katika msingi huo, na rekebisho likakubaliwa, linaweza kuingia katika matoleo yatakayotumika pande zote mbili za daraja la Malaba, na pia Msumbiji, Nigeria na Haiti, ambako OpenMRS inatumika.

Programu huria ni nini? Fikiria mashine mbili za kusagia mahindi. Ya kwanza imefungwa kwa rivets na mchoro wake uko kwa kampuni. Ikiharibika, kijiji kinangoja fundi wa kampuni. Ya pili imekuja na mchoro wake, na yeyote mwenye ujuzi wa kuchomelea anaruhusiwa kuifungua, kuitengeneza, hata kuunda nyingine kama hiyo. Katika programu, mchoro huo huitwa msimbo: maandishi ambayo kompyuta huyafuata. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, chini ya leseni inayomruhusu kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuusambaza. OpenMRS iko chini ya leseni ya Mozilla, toleo la 2.0. Kwa ufupi leseni hiyo yasema kwamba anayebadili mafaili ya msimbo huo na kuyasambaza kwa wengine lazima aache mabadiliko yake yasomeke pia. Huria si sawa na kuokotwa.

Wengi hudhani vitu kama hivi hubuniwa ng'ambo kisha vikaletwa huku kama mitumba. Historia ya huu ni tofauti kidogo. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kiliweka mfumo wa kumbukumbu za kompyuta katika Kituo cha Afya cha Mosoriot, Nandi. Ulikuwa mfumo mdogo, na ulitosha kituo kimoja. Kisha dawa za UKIMWI zikaanza kupatikana, mpango wa AMPATH ukapanuka kutoka Eldoret hadi kliniki nyingi za magharibi, zikiwemo za Busia, Port Victoria na Amukura, na mfumo mdogo ukalemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret, wakaona ni lazima kuanza upya na kujenga kitu ambacho nchi nyingine pia zingeweza kukitumia. OpenMRS ilianza kufanya kazi Eldoret mwezi Februari 2006. Mwaka huohuo ikafika Rwanda na Afrika Kusini. Wagonjwa wa Busia, kwa hiyo, ni miongoni mwa wale ambao wingi wao ulilazimisha mfumo huu kuzaliwa.

Alama za huku bado zimo ndani yake. Mfumo unapomsajili mgonjwa huuliza tarehe ya kuzaliwa, lakini pia una nafasi ya kusema kwamba tarehe hiyo ni ya kukisia. Nafasi hiyo ina maana kubwa kwa mzee anayejua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa au kabla ya uhuru. Programu isiyo nayo humlazimisha karani kuandika tarehe ya uongo, mara nyingi Januari 1, na uongo huo haufutiki tena.

Jambo jingine ni nambari ya mgonjwa. Mwishoni mwake huwekwa tarakimu ya ukaguzi, ambayo hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Chukua nambari 4715. Anza kulia: 5 mara mbili ni 10, na tarakimu zake ukizijumlisha ni 1. Inayofuata, 1, inabaki 1. Kisha 7 mara mbili ni 14, yaani 1 na 4, ambazo ni 5. Halafu 4 inabaki 4. Jumla ni 11, na ili kufika 20 inahitajika 9, basi nambari kamili ni 4715-9. Karani aliyechoka saa kumi jioni akiandika 4175-9, kompyuta hufanya hesabu ileile, hupata jumla ya 14, huona kwamba tarakimu ya mwisho ilipaswa kuwa 6, na hukataa. Bila hesabu hiyo ndogo, majibu ya damu ya mama mmoja yangeweza kuingia katika faili la mwingine. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuandika programu ya hesabu hiyo kwa alasiri moja, na hilo ni zoezi zuri la kuanzia kuliko kukariri istilahi.

Sasa, kuchangia. Watu husikia neno hilo wakafikiri ni kuandika msimbo tu. Mchango unaopungua sana ni ripoti nzuri ya hitilafu, na mwenye uwezo mkubwa wa kuiandika ni muuguzi au karani wa kumbukumbu anayekaa mbele ya skrini kila siku. "Mfumo umekataa" si ripoti. Ripoti hutaja toleo la programu, hatua zilizofuatwa moja baada ya nyingine, kilichotarajiwa, na kilichotokea. Kwa mfano: "Nimefungua usajili, nimeandika jina lenye alama ya king'ong'o kama Ang'urai, nimebonyeza hifadhi, nilitarajia jina lihifadhiwe lilivyo, limehifadhiwa bila alama." Sentensi hiyo moja humwezesha mtu aliye Kampala au Colombo kulirudia kosa hilo kwenye kompyuta yake, na kosa linaloweza kurudiwa limekaribia kurekebishwa.

Hapa pana onyo zito. Ripoti katika mradi wa programu huria husomwa na dunia nzima na hubaki hapo. Picha ya skrini yenye jina la mgonjwa, nambari yake au simu yake isiwekwe kamwe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, na sheria ya data ya Uganda pia ni ya mwaka huohuo. Lakini hata pasipo sheria, mji kama Malaba ni mdogo. Jina moja likionekana kando ya dawa moja, habari hufika sokoni kabla ya jua kutua, na mgonjwa huyo huenda asirudi kliniki.

Mchango wa pili ni tafsiri, na hapa wakazi wa Busia wana utajiri ambao hawauhesabu. Kutafsiri skrini si kubadili maneno tu. OpenMRS hutofautisha safari nzima ya mgonjwa kituoni na kila kukutana kwake na mhudumu ndani ya safari hiyo: kupimwa presha ni kukutana kumoja, kuonana na daktari ni kwingine, kuchukua dawa ni kwingine. Mtafsiri akiita yote hayo "ziara", ripoti ya mwezi itasomwa kana kwamba mtu mmoja alikuja mara tatu kwa siku, na dawa zitaagizwa kwa hesabu hiyo. Anayejua Kiswahili na pia anajua kazi ya kliniki ndiye wa kuamua neno. Tanzania walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi ngumu ilikuwa hiyohiyo ya kukubaliana maneno. Kwa Kiteso, ambacho huzungumzwa kuanzia Teso Kaskazini na Kusini hadi Tororo na Soroti, mkutano wa wazee na wauguzi kuhusu maneno ya afya ungekuwa mchango wenyewe hata kabla ya kompyuta kuwashwa.

Wenye kuandika msimbo wana njia yao. OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java, na skrini zake mpya kwa JavaScript. Msimbo umewekwa GitHub. Mchangiaji hunakili msimbo, hurekebisha nakala yake, kisha hutuma ombi kwamba rekebisho liunganishwe. Wenzake walio na uzoefu hulisoma mstari kwa mstari na mara nyingi hulirudisha. Kurudishiwa si kutukanwa. Hata wazoefu hurudishiwa. Kati ya wale waliokagua kazi za wengine kwa miaka mingi wamo Waganda na Wakenya. Zipo kazi zilizotengwa kwa wanaoanza, ndogo na zenye maelezo. Programu ya Git inayotunza mabadiliko hufanya kazi bila intaneti, kwa hiyo kijana anaweza kuandika nyumbani wiki nzima na kutuma Jumamosi akifika saiba, jambo la maana mahali ambapo simu hujiunga na mtandao wa Uganda bila kumwuliza mwenyewe na bando likaisha.

Je, kuna pesa? Jibu la kweli ni kwamba nyingi ya kazi hii hailipwi. Google huendesha mpango wa kila mwaka unaowalipa wachangiaji wapya wa programu huria, OpenMRS imeshiriki tangu 2007, na kuanzia 2022 si lazima mwombaji awe mwanafunzi wa chuo, mradi awe na miaka 18 au zaidi. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Faida nyingine ni kwamba kazi aliyoifanya mtu huonekana wazi kwa jina lake, na mwajiri anaweza kuisoma badala ya kuamini cheti. Kujiunga hakuna ada. Anayeitisha pesa ya usajili ni tapeli, awe na beji au asiwe nayo.

Kwa nini mambo haya sasa? Januari 20, 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI nchini, pamoja na mifumo yake ya kumbukumbu, ilitegemea msaada huo. Watumishi wengi waliolipwa nao walisimama kazi. Msimbo haukwenda popote. Leseni haifutwi kwa barua. Lakini msimbo haujitunzi. Unahitaji mtu wa kuweka toleo jipya, wa kuziba mwanya wa usalama, wa kugundua kwamba nakala ya akiba haijafanywa tangu mwezi uliopita. Mashine yenye mchoro katika kijiji kisicho na fundi husimama sawa na ile isiyo na mchoro. Tofauti ni kwamba ya kwanza fundi wake anaweza kufunzwa, na anaweza kuwa mzaliwa wa Moding au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe.

Anayetaka kuanza afungue tovuti ya openmrs.org kwa simu tu. Humo kuna mfumo wa majaribio wenye wagonjwa wa kubuni. Amsajili bibi asiyejua mwaka aliozaliwa, ampe jina lenye king'ong'o, amwandikie presha na uzito, kisha aangalie kama kila alichoandika kimebaki kilivyo. Data za humo hufutwa na kuwekwa upya mara kwa mara, kwa hiyo hakuna atakachoharibu.