Alama Tatu Kabla ya Novemba



Wanangu wahitimu wa kidato cha nne, risala yenu nimeisikia. Mmeomba chakula cha kambi ya kujiandaa na mtihani na taa za sola za kujisomea usiku. Nitajibu, ila kwanza nina neno na wazazi.

Mahafali yetu hufanyika kabla ya mtihani. Leo vijana wamevishwa maua na keki imekatwa, nao mtihani wa taifa ni Novemba. Sioni ubaya kuwapongeza. Ninachohofia ni kesho asubuhi. Kijana akishapigwa picha na joho, nyumbani huonekana amemaliza shule. Anatumwa gengeni, anaachiwa mtoto wa dada yake, anapelekwa shamba. Wazazi, huyu bado hajamaliza.

Sasa naomba tuhesabu pamoja, maana wengi wetu husikia "Division" bila kujua inapatikanaje. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi zikiwa chache ndiyo heri. Mtoto wa pointi 7 hadi 17 yuko Division One. Wa 22 hadi 25 yuko Three. Wa 26 hadi 33 yuko Four.

Chukueni mtoto mwenye D saba. Hana F katika hayo saba, na mzazi anafurahi. Saba mara nne ni 28: Division Four. Cheti atapata, lakini kidato cha tano haendi, kwa sababu huko wanatafuta angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na masomo ya tahasusi anayoomba yasiwe na F. Mwenzake ana C tatu na D nne. Huyo ana 25, Division Three, na mlango uko wazi.

D inaishia alama 44. C inaanzia 45. Mtoto aliyepata 44 katika masomo matatu amekosa alama tatu tu, moja kila somo. Alama moja ni swali dogo ambalo angelijibu kama jana yake angepata saa moja ya kusoma kwenye mwanga. Na kati ya kila alama 100, 30 zinatokana na maendeleo ya mtoto shuleni. Kwa hiyo wazazi wa kidato cha kwanza na cha pili mliokuja kuangalia tu, haya yanawahusu tangu leo.

Nalisema hili kwa uchungu. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, baba alichinja mbuzi. Aliambiwa mwanawe amefaulu, na kweli jina langu halikuwa kwenye sifuri. Nilikuwa na Division Four. Miezi ikapita, majina ya waliochaguliwa yakabandikwa, langu halikuwemo. Baba akadhani nimefanyiwa hila. Alikuwa mkulima hodari, asingekosa kununua mafuta ya taa kama angejua kilichopungua. Hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha hesabu hii. Nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nilipovuka, mzee alikuwa ameshatutoka.

Wanangu, kurudia kupo, na VETA ipo, na kuna mafundi wa VETA wanaosomesha wadogo zao. Binti aliyekatizwa masomo na ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021; mzazi mwenye binti wa namna hiyo amwone Mkuu wa Shule, asimfiche. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa sasa kila mmoja atafute lile somo lililosimama kwenye arobaini na kitu, aanze nalo leo usiku. Walimu mnazo alama za mock. Naomba kila mzazi aitwe aonyeshwe karatasi ya mwanawe, kwa Kiswahili, somo kwa somo.

Kuhusu risala: taa kumi za sola nitazileta mwenyewe Jumatatu. Nachangia magunia manne ya mahindi na mawili ya maharage. Gunia la tano la mahindi namwachia mzazi yeyote atakayenyoosha mkono kabla sijakaa. Na wazazi wote nawaomba: hadi karatasi ya mwisho ikusanywe, ndoo ya maji ya jioni ibebeni ninyi.