Ghorofa Zijengwe, Lakini Mtaa Uulizwe Kwanza



Kuna maneno yanasambazwa kwamba sisi tunapinga maendeleo, eti hatutaki ghorofa. Uongo. Sisi ndio tunaoamka saa kumi usiku Chamazi na Chanika kugombania daladala kwa sababu vyumba vya karibu na kazi hakuna. Ghorofa tunazitaka. Tunachouliza ni hiki: zinajengwa kwa ajili ya nani, na aliyekuwepo pale anaenda wapi?

Twende Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 2010, zikaambiwa mtarudi. Nyumba zikabomolewa, uwanja ukabaki mtupu. Watu wakatawanyika, wengine wakafariki wakisubiri. Oktoba 2016 Rais Magufuli akaenda, akaagiza zijengwe nyumba za watu hao hao. Zikafunguliwa Machi 2022, nyumba 644, na baadaye Rais Samia akasema wauziwe bila kubebeshwa gharama ya ardhi. Sisi ni wapinzani lakini ukweli tunausema: waliondoka 644, zikajengwa 644. Ila imechukua karibu miaka kumi, na imehitaji amri ya Rais. Mtu wa Keko akabomolewe leo, asubiri Rais gani apite?

Na wale wa Kota walikuwa na orodha, walijulikana kwa majina, wakapiga kelele kwa pamoja. Sasa angalia Sinza, Mwananyamala, Tandika. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, korido katikati, uwani choo na jiko. Ndani humo kuna kaya sita, wakati mwingine zaidi, na kibarazani kuna mama anakaanga vitumbua. Dalali analeta mnunuzi, mwenye nyumba anauza. Ni haki yake, simlaumu. Lakini wapangaji hawaandikwi popote. Kodi ya miezi sita ikiisha, kwaheri. Linapanda ghorofa lenye geti na mlinzi, na chumba kimoja pale ni mshahara wako wote. Yule mama wa vitumbua hana tena hata pa kuweka jiko.

Halafu kuna suala la choo, na hapa naomba msicheke. Mitaa yetu mingi haina bomba la majitaka, inategemea mashimo. Kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya familia moja kikibeba familia ishirini, shimo linajaa kila wiki. Gari la kunyonya haliingii kwenye kichochoro, kwa hiyo mvua ikinyesha wanafungulia mtaroni. Anayeishi bondeni ndiye anayepokea.

Sheria ya Mipangomiji tunayo tangu 2007. Tunataka halmashauri za Kinondoni na Temeke, na nyingine zote za jiji, zisitoe kibali cha ghorofa kwenye mtaa wa makazi kabla mkutano wa wakazi haujaoneshwa ramani. Wapangaji waorodheshwe, wapewe muda wa kutosha kuhama. Na ghorofa likijengwa kwa ardhi ya umma, waliokuwepo warudi kwanza, kama Kota, bila kusubiri amri kutoka Ikulu.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni, msiwaachie wazee peke yao. Ombeni kuona ramani. Muulizeni mwenyekiti, mbele ya watu: majitaka ya jengo hili yanakwenda wapi?